Udongo Mweusi, Mawe na Miiba: Historia ya Magari ya Nyikani na Baiskeli za Milimani Kajiado

Tambarare za Kaputiei, kuanzia Mto Mbagathi hadi Isinya na kuendelea kusini kuelekea mji wa Kajiado, zimefunikwa na udongo mweusi wa mfinyanzi uliolala juu ya miamba ya volkano. Wakati wa kiangazi udongo huo hukauka ukapasuka nyufa pana za kuingiza mkono. Masika yakianza hufura, nyufa hujifunga, na uso wake huteleza kama sabuni huku ukinata kama ulimbo. Gari likiuingia halizami papo hapo. Tope hujishindilia kidogo kidogo kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka, na hapo dereva huteremka akatafuta kijiti cha kukwangulia. Upande wa magharibi, nchi inapoporomoka kuelekea Magadi, udongo huo hutoweka na mahali pake hushikwa na mawe meusi yenye ncha, mchanga wa mito mikavu na vichaka vya migunga. Mabadiliko mengi ambayo mafundi wa eneo hili wameyafanyia magari na baiskeli yalianza kama majibu ya tope hilo, mawe hayo na miiba hiyo.

Ni kosa basi kuichukulia historia hii kuwa ni ya starehe iliyoletwa na matajiri wa Nairobi. Starehe ilikuja mwisho. Kabla yake palikuwa na haja.

Njia za kwanza zilichorwa na ng'ombe. Baada ya mapatano ya mwaka 1904 na 1911, Wamaasai waliondolewa katika malisho ya kaskazini na kubanwa katika hifadhi ya kusini, na nchi ambayo sasa ni Kaunti ya Kajiado ikawa sehemu ya hifadhi hiyo. Mifugo ilifuata maji na chumvi: kutoka tambarare hadi mtoni, kutoka kilimani hadi bondeni, mwaka baada ya mwaka, kwa ujia mwembamba uliokwepa mwamba na kushuka mahali penye mteremko wa wastani. Jina la Kajiado lenyewe linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto mrefu. Reli ya kubeba magadi, iliyojengwa kati ya 1911 na 1915 kutoka Konza kupitia Kajiado hadi Ziwa Magadi, ilileta stesheni, maduka na njia ya kuhudumia reli. Barabara ya Namanga nayo ikawa kipande cha ile njia kuu ya udongo iliyounganisha Nairobi na Arusha. Nje ya mistari hiyo miwili, msafiri alifuata kwato.

Gari lililoweza kufuata kwato lilipatikana baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Jeep za jeshi zilikwisha kuonyesha kwamba gari dogo linalovuta kwa magurudumu yote manne hufika pasipo barabara. Land Rover ilizinduliwa mwaka 1948 kwa kufuata mfano huo. Toyota ilitengeneza gari lake la aina hiyo mwaka 1951 na kuliita Land Cruiser mwaka 1954. Katika Kajiado magari haya hayakuja kwa ajili ya matembezi. Yalibeba maofisa wa mifugo na chanjo zao, askari, wamishonari, wafanyabiashara wa ng'ombe na ngozi, na baadaye abiria waliojazana nyuma siku za mnada. Mwaka 1974 kiwanda cha Leyland kilianzishwa Thika, Land Rover zikaunganishwa nchini, na vipuri vikazoeleka kwa mafundi wa kawaida.

Badiliko la kwanza kabisa lilikuwa la springi. Gari la wakati huo lilikaa juu ya springi za mabamba: vyuma bapa vilivyopinda, kimoja juu ya kingine, vilivyoshikwa katikati kwa boliti moja na kufungwa kwenye ekseli kwa vyuma vya umbo la herufi U. Mzigo ukizidi, mabamba hulala, na gari huketi chini hadi tumbo lake likagusa mawe. Fundi hulifungua fungu lote, hutwaa bamba kuukuu la lori lenye urefu unaofaa, hulipasha moto, hulipinda upya kwa nyundo, kisha huliingiza katikati ya mengine. Gari huinuka kwa inchi moja au mbili. Gharama ni ndogo, na kasoro yake hujulikana na kila aliyewahi kulipanda: likiwa tupu hurusha abiria kama punda. Kazi hii ilikuwa ikifanywa kwa matatu za pikapu na magari ya mifugo muda mrefu kabla ya mtu yeyote kununua springi mpya kutoka ng'ambo kwa ajili ya burudani. Ndiyo mizizi ya gari lililoinuliwa Kajiado, na inastahili heshima kuliko inayopewa.

Shule kubwa ya ufundi huo, hata hivyo, ilikuwa mbio za magari. Mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalifanyika mashindano yaliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yalijulikana kama Safari Rally. Kwa miaka mingi yaliendeshwa wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto, na tope ndilo lililoamua mshindi. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakafika 7 tena. Joginder Singh, dereva wa Kenya aliyekuwa pia fundi, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara tano kati ya 1973 na 1982. Watu wa vijiji vya kandokando ya njia waliwajua madereva hawa kwa majina na magari yao kwa mlio.

Mashindano hayo yaliwafundisha mafundi mambo ambayo hakuna kitabu kilichoyaandika wakati huo: kwamba bodi huchanika mahali shokamzoba inapofungiwa, kwamba tangi la mafuta huhitaji ngao ya chuma chini yake, kwamba taa zinapaswa kuwa juu na nyingi, na kwamba injini hufa ikinywa maji. Ndiyo maana magari ya miaka ya 1990, kama Toyota Celica aliyoshindia Mkenya Ian Duncan mwaka 1994, yalikuwa na vyuma vya kuzuia wanyama mbele na bomba la kuvutia hewa lililopanda hadi paani. Njia za Kajiado zilikuwa sehemu ya mtihani huo. Katika mashindano ya mwaka 2002, ya mwisho kabla Safari haijaondolewa kwenye ubingwa wa dunia, madereva walipita Olooloitikosh na pia Oltepesi, kipande kimoja cha zaidi ya kilomita 100 mfululizo za mawe na vumbi. Safari iliporudi katika ubingwa huo mwaka 2021 ilihamia Naivasha. Kajiado ilibakia na duru za ubingwa wa taifa, na pia na Safari ya magari ya kale iliyoanza mwaka 2003.

Wakati mbio zikifundisha mwendo kasi, utalii ulifundisha uvumilivu. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Mwaka huohuo mpaka wa Namanga ulifungwa kufuatia kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ukabaki hivyo hadi 1983. Wageni waliobaki walitaka kuona na kupiga picha, na Amboseli, iliyofanywa mbuga ya taifa mwaka 1974, ilikuwa mwendo wa saa chache kwa barabara ya vumbi ya Kajiado na Namanga. Gari la mwindaji, lililokuwa wazi na lenye mahali pa bunduki, liligeuka kuwa gari la paa linaloinuka, viti vya dirishani na chesisi iliyokatwa na kurefushwa ili kuongeza safu ya abiria. Kazi hiyo ilifanywa Nairobi, na inahitaji jicho kali: chesisi ikiungwa vibaya, gari hupinda kama mgongo wa ng'ombe mzee baada ya msimu mmoja. Vipuri vilitoka Kirinyaga Road, mtaa ambao wengi wanauita bado Grogan. Mafundi waliofanya kazi nje bila kivuli walikuja kujulikana kama jua kali, jina lililoingia katika lugha ya serikali hasa baada ya Rais Moi kuwatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985.

Mwaka 1989 lilianzishwa shindano lililogeuza gari la nyikani kuwa mchezo wenye kanuni zake. Ken Kuhle, mwasisi wa shirika la Rhino Ark, alikuwa akitafuta fedha za kujenga uzio wa kuwalinda faru na msitu wa Aberdare. Yeye na wenzake wakabuni Rhino Charge. Kanuni yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuitimiza: gari litembelee vituo 13 katika muda wa saa 10, na mshindi ni aliyetumia umbali mfupi kuliko wote. Kasi haina thamani. Anayezunguka kilima kwa njia nzuri hushindwa na anayekikata moja kwa moja. Mahali pa shindano hufichwa mpaka siku chache kabla, nalo limewahi kufanyika Torosei, kusini mwa Kajiado. Uzio wa Aberdare, wa takriban kilomita 400, ulikamilika mwaka 2009.

Kanuni hiyo iliwalazimisha washiriki kutatua tatizo ambalo springi peke yake haiwezi. Kifaa kinachogawa nguvu kati ya gurudumu la kulia na la kushoto, ambacho mafundi hukiita difu, kimeundwa ili magurudumu mawili yaweze kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona. Barabarani ni jambo jema. Lakini gurudumu moja likining'inia hewani juu ya korongo, difu hulipa hilo mzunguko wote, nalo huzunguka bure huku la pili, lililokanyaga mwamba, limesimama tuli. Dawa yake ni kufuli: kifaa kinachozifunga hafu ekseli mbili ziwe kitu kimoja, kwa hewa iliyoshindiliwa au kwa waya. Kwenye gari lenye kufuli mbele na nyuma, hata gurudumu moja tu likishika mwamba, gari husogea. Baada ya kufuli ilifuata winchi ya umeme kwenye bampa la mbele, jeki ndefu ya kuinulia gari kutoka kwenye bampa, na bodi iliyokatwa pembe zake ili isigonge ukingo wa korongo.

Baadhi ya vifaa hivi vilitoka Australia, nchi yenye nyika na vumbi linalofanana na la Kajiado, ambako kampuni ya ARB ilianza mwaka 1975 kwa kuunda bampa na fremu za juu ya gari. Vingine vilitoka Marekani na Afrika Kusini. Hata hivyo bampa na ngao nyingi huchomelewa hapahapa nchini, kwa bomba na bati nene, na mara nyingi hustahimili mawe vizuri kuliko zilizoagizwa, ingawa huwa nzito. Uzito huo si jambo dogo. Kwenye udongo mweusi, Suzuki ndogo yenye matairi membamba imeyapita mara nyingi magari makubwa yaliyosheheni vyuma, kwa kuwa haina cha kuididimiza. Wenye uzoefu huanza na mambo matatu yasiyo na fahari: matairi mazuri, kamba imara ya kuvutia, na kipima upepo. Kushusha upepo wa tairi hadi karibu nusu kwenye mchanga wa mto mkavu kumewatoa watu wengi kuliko winchi.

Uagizaji huru wa magari yaliyotumika, hasa kutoka Japani, ulioshika kasi katika miaka ya 1990, uliweka Land Cruiser, Pajero na Prado mikononi mwa watu wa kipato cha kati. Kipindi hichohicho ndicho kilichoibadilisha Kitengela. Kituo kidogo cha biashara kilichojulikana kama Noonkopir kilipata majirani wapya pale eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje lilipofunguliwa Athi River kufuatia sheria ya mwaka 1990. Wafanyakazi walihitaji makazi, na viwanja vikauzwa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,167 mjini Kitengela, ile ya 2019 ikahesabu 154,436. Gereji zilijipanga kando ya barabara ya Namanga, na mji uliokuwa mwanzo wa nyika ukawa mahali pa mwisho pa kujaza mafuta na kukaza nati kabla ya kuiingia.

Baiskeli ilipita njia nyingine kufika mahali palepale. Ile ya kwanza kuenea nchini ilikuwa baiskeli nzito ya chuma isiyo na gia, yenye asili ya Uingereza na baadaye ikatoka India na China, inayojulikana Kenya kwa jina la Black Mamba. Ilibeba maziwa, maji, mkaa na watoto wa shule, na huko Busia mpakani ndiko ilikozaa bodaboda. Mtu aliyeipanda kwenye njia ya ng'ombe akiwa na debe la maji nyuma alikuwa akifanya kazi ngumu kuliko mashindano mengi ya leo.

Baiskeli ya milimani, yenye fremu fupi, matairi manene na gia nyingi, ilizaliwa California. Katika miaka ya 1970 vijana wa Kaunti ya Marin walianza kuteremka milima kwa baiskeli kuukuu walizozifunga breki na gia mpya. Mbio zao zilizoitwa Repack zilianza mwaka 1976, na mwaka uliofuata Joe Breeze akaunda fremu ya kwanza iliyokusudiwa kazi hiyo. Kilichofanyika Marin, yaani kuchukua chombo kizee na kukifunga vipande vya kingine ili kistahimili mlima, ndicho walichokuwa wakifanya mafundi wa Kajiado kwa springi za lori. Mchezo huo uliingia katika Olimpiki mwaka 1996.

Nchini Kenya ulipata mwalimu wake katika David Kinjah, mwendesha baiskeli wa Kikuyu, mji ulio karibu na vilima vya Ngong. Kikundi chake, Safari Simbaz, kiliwapokea vijana wasio na kitu, kikawafundisha kupanda na kutengeneza baiskeli. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kuanza kwa baiskeli ya milimani kabla ya kuhamia barabarani na kushinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Wakati huohuo meli zilileta Mombasa baiskeli za mitumba zenye gia, ambazo kijana wa kawaida aliweza kuzimudu. Kutoka hapo waendeshaji wa Nairobi walianza kuzitafuta njia za Kajiado: migongo ya vilima vya Ngong, ambako kilele hufika mita 2,460, Kona Baridi, makorongo ya Mbagathi nyuma ya Kitengela, na mteremko mrefu wa Magadi, ambako ziwa liko takriban mita 600 tu juu ya usawa wa bahari.

Kwa mwendesha baiskeli, nyika ya Kajiado ina adui wawili. Wa kwanza ni mwiba. Migunga ya tambarare huangusha matawi yenye miiba mirefu myeupe, nayo hupenya tairi jipya bila shida. Wengi wameacha tyubu na kutia ndani ya tairi maji mazito yanayoziba tundu yenyewe. Baada ya safari ya nusu siku tairi moja huweza kuonekana na miiba kadhaa iliyosalia ndani, kila mmoja umezungukwa na kipovu cheupe kilichokauka, na upepo haujatoka. Wasiojua huung'oa mwiba. Wenyeji huuacha pale ulipo hadi wafike nyumbani. Adui wa pili ni ule udongo mweusi. Ukilowa hujaza nafasi kati ya gurudumu na fremu, huiburuta cheni, na anayelazimisha kukanyaga hung'oa kibadilishi cha gia nyuma. Baiskeli hapo haipandwi wala haisukumwi. Hubebwa begani.

Njia zenyewe zimebadilika kuliko vyombo vyake. Sheria ya mwaka 1968 iliwawezesha wafugaji kumiliki ardhi kwa pamoja kama ranchi za vikundi, na wakati huo mtu aliweza kusafiri siku nzima bila kukuta waya. Katika miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata hati yake, na mauzo yakafuata. Uzio uliowekwa kulinda kiwanja ulikata pia njia ya nyumbu na pundamilia wanaotoka Mbuga ya Nairobi kwenda malisho ya kusini wakati wa mvua. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke uzio. Uliwafaa wengi waliojiunga, lakini bei ya kiwanja ilikuwa ikipanda mbali juu ya malipo hayo. Barabara ya Athi River hadi Namanga ikajengwa upya kwa lami. Mwaka 2021 mitambo 60 ya upepo ya Kipeto ilianza kuzalisha umeme, ikiwa imekuja na barabara zake za changarawe. Pikipiki nazo zilienea hadi kwenye boma za mbali, na magurudumu yake ndiyo yanayoziweka wazi leo nyingi ya njia zilizochorwa zamani na ng'ombe.

Matokeo yake ni kwamba gari na baiskeli vimefikia uwezo wao mkubwa kabisa wakati ambapo nyika ya kuvitumia inapungua. Safari iliyoanzia zamani ukingoni mwa Noonkopir sasa huanzia Isinya, Il Bissil au Oltepesi. Anayeondoka kwenye ujia na kukanyaga majani huacha alama mbili ambazo mvua huzigeuza mfereji, na malisho yale ni chakula cha ng'ombe wa mtu. Kwa hiyo anayetaka kupita aombe ruhusa kwenye boma lililo karibu, afuate ujia uliopo, na lango alilolikuta limefungwa alifunge tena nyuma yake. Masika yakianza, asubiri udongo ukauke.